Jembe la Mgeni

Sababu zinazomfanya mtu ashike kazi ni chache kuliko kazi zenyewe. Mtu hufanya kazi kwa kuwa ana njaa, na ujira ndio mlango wa chakula. Hufanya kazi kwa kuwa ameamriwa na aliye na nguvu kuliko yeye, na utii ndio njia ya kuepuka adhabu. Hufanya kazi pia kwa kuwa kitu anachokihangaikia ni chake mwenyewe, kama apaliliavyo shamba lake au azibavyo paa la nyumba yake kabla ya masika. Ujira, amri na milki: kazi nyingi za dunia husimama juu ya nguzo hizi. Lakini ipo kazi nyingine ambayo haisimami juu ya nguzo yoyote katika hizo tatu. Mtu huondoka kwake asubuhi, hali hakuitwa na mtu, akaenda kutunza kitu kisicho chake, akarudi jioni na udongo katika kucha zake bila ya senti moja mfukoni. Kiswahili huiita kazi hiyo kujitolea, na neno lenyewe lastahili kutazamwa. Atoaye fedha hutoa alicho nacho. Ajitoleaye hutoa nafsi yake, yaani nguvu zake na saa za maisha yake ambazo hazitarudishwa na mtu yeyote.

Kazi ya namna hii husifiwa upesi, na sifa za upesi zina hila: hufunga mjadala kabla haujaanza. Akiisha kuitwa mtu mwema, mwenye kujitolea haulizwi tena swali, na yeye mwenyewe huona haya kuuliza. Hata hivyo swali lipo, wala si dogo. Mtu akitunza kwa hiari kitu kisicho chake kwa miaka kumi au ishirini, je, hupata haki yoyote juu ya kitu hicho? Na ikiwa asili ya kitu hicho ina doa, je, doa hilo humgusa na yeye aliyekisafisha? Maswali kama haya yakiulizwa hewani huyeyuka. Yafaa yaulizwe mahali palipo na udongo, miti na kuta, na hapana mahali pafaapo zaidi ya Kenwood.

Kenwood ni nyumba kubwa nyeupe iliyo juu ya kilima, kaskazini ya London. Umbo lake la sasa ni kazi ya msanifu Robert Adam, aliyeitengeneza upya kati ya 1764 na 1779 kwa amri ya Lord Mansfield, Jaji Mkuu wa Uingereza wa zama hizo. Mbele ya nyumba majani huteremka mpaka kwenye maziwa madogo mawili yaliyochimbwa na watu, na ng'ambo ya maziwa pana msitu wa mialoni ya kale. Zaidi ya msitu huo huanza uwanda mkubwa wa Hampstead Heath, ambao wakazi wa mji huutumia kutembea, kuogelea na kurusha tiara. Ndani ya nyumba zimo picha za wachoraji mashuhuri, mojawapo ikiwa ni ile ambayo Rembrandt alijichora mwenyewe katika uzee wake. Mlango uko wazi wala hautozwi kiingilio. Katika siku za kazi mgeni huweza kuwaona watu waliovaa glavu nzito, wengi wao wamekwisha staafu, wakikata miiba, wakizibua mifereji, wakipanda ua wa michongoma. Wengine husimama katika vyumba wakiwaeleza wageni habari za picha. Hawa ndio watu wa kujitolea. Chama kimoja cha watu wa namna hii, Heath Hands, kiliundwa 1999 kwa ajili ya uwanda huo na majirani zake.

Isidhaniwe kwamba mahali hapo palipatikana kwa urahisi. Mwaka 1829 Sir Thomas Maryon Wilson, aliyekuwa bwana wa ardhi ya Hampstead, alianza kuliomba Bunge limpe ruhusa ya kujenga nyumba katika ardhi yake. Majirani wakampinga. Aliomba tena na tena, wakampinga tena na tena, muda wa miaka 40, mpaka mauti yalipomchukua 1869 hali hajajenga alichotaka. Ndugu yake aliyerithi alikubali kuuza, na kwa sheria ya 1871 sehemu ile ya kwanza ikawa ya umma. Parliament Hill iliongezwa 1889, baada ya juhudi ambazo mmoja wa washiriki wake alikuwa Octavia Hill, bibi yule ambaye baadaye, mwaka 1895, alishirikiana na wenzake wawili kuanzisha National Trust. Zamu ya Kenwood ilifika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wenyeji wake, wa ukoo wa Mansfield, walikuwa wakitaka kuuza. Samani za nyumba ziliuzwa kwa mnada mwaka 1922, na ardhi ilikuwa karibu kukatwa viwanja. Kikaundwa chama cha kuchanga fedha, kiongozi wake akiwa Sir Arthur Crosfield, tajiri wa sabuni, na sehemu kubwa ya ardhi ikanunuliwa na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 1925. Nyumba yenyewe pamoja na ekari 74 zilinunuliwa mwaka huo huo na Lord Iveagh, wa ukoo wa Guinness. Alipofariki 1927, wasia wake uliiacha nyumba hiyo, na picha alizozikusanya, iwe mali ya taifa. Ilifunguliwa 1928.

Utajiri wa Lord Iveagh ulitokana na bia. Masimulizi ya mahali hapo husema kwamba mwaka 1780, katika ghasia kubwa za London, kundi la watu waliokwisha kuichoma nyumba ya mjini ya Lord Mansfield lilipanda kilima kwenda kuichoma na Kenwood, lakini mwenye kilabu cha pombe cha jirani aliwanywesha njiani mpaka askari wakafika. Ikiwa masimulizi ni kweli, basi bia iliiokoa nyumba hiyo mara mbili, jambo ambalo watu wa maadili makali watalisikitikia.

Crosfield alikuwa na jumba lake kubwa Highgate, jirani kabisa na Kenwood. Viwanja vya Kenwood vingejaa nyumba za kupangisha, mandhari yake ingeharibika. Wapo wasemao kwamba kwa sababu hiyo wema wake haukuwa wema bali ulinzi wa starehe. Hoja hiyo ni nyepesi. Mwenye kisima akizima moto wa jirani kwa kuchelea paa lake mwenyewe, jirani hana haja ya kumchambua moyo kabla ya kushukuru. Lakini hoja hiyo ina chembe moja ya kuhifadhiwa: aliyetoa fedha alipata kitu, aliyeacha wasia alipata jina, na mkata miiba hapati hata kimoja katika hivyo. Jina la Iveagh limo katika sheria ya Bunge. Mkata miiba hana hata kibao.

Hapa ndipo falsafa ya milki inapoingia. John Locke, katika kitabu kilichotoka 1689, alifundisha kwamba ardhi na matunda yake viliumbwa kwa ajili ya wote, na kwamba kitu huwa cha mtu mmoja pale anapochanganya nacho kazi ya mikono yake. Ayaokotaye matunda porini huyamiliki kwa kuyaokota. Afyekaye pori hulimiliki kwa kulifyeka. Mafundisho hayo yameongoza fikira za watu wengi na kuhalalisha milki nyingi, nyingine za haki na nyingine za dhuluma. Sasa yapimwe kwa mkata miiba wa Kenwood. Kazi yake imechanganyika na udongo ule kwa miaka. Ua wa michongoma ule aliupanda yeye; usingekuwapo bila ya mgongo wake kuinama. Kwa hesabu ya Locke ua ni wake. Lakini mtu huyo akitangaza kwamba ua ni wake na kwamba anataka kuung'oa aende nao, atachekwa kwanza na kushtakiwa baadaye, na mtu wa kwanza kumcheka atakuwa mwenzake aliyepanda naye.

Locke mwenyewe aliacha mlango wa nyuma. Alikubali kwamba majani yaliyokatwa na mtumishi ni mali ya bwana wa mtumishi, kana kwamba mkono wa mtumishi ni mundu mwingine tu katika mkono wa bwana. Yafaa kukumbuka pia kwamba mwanafalsafa huyo wa kazi na milki alipata kuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyofanya biashara ya watumwa. Na hapana watu duniani waliochanganya kazi yao na ardhi zaidi ya watumwa wa mashamba ya miwa, na hapana waliomiliki kidogo kuliko wao. Kwa hiyo kanuni yake haikuwa kweli hata pale ilipotungwa. Kazi peke yake haizai milki. Huizaa tu pale ambapo watu wengine wamekwisha kukubali kwamba mfanyaji ni mtu wa kumiliki.

Basi ikiwa mwenye kujitolea si mmiliki, wala si mtumishi, wala si mtumwa, ni nani? Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa zaidi kwa dhihaka, kumfukuza kwa adabu yule aliyekuja kula na kulala. Husikika humo sauti ya mwenyeji aliyechoka kutoa. Lakini ina upande wa pili ambao hautazamwi sana. Jembe halimfukuzi mgeni, humbadilisha. Siku mbili za kwanza hukaa juu ya mkeka akiletewa maji ya kunawa, na katika heshima ile kuna umbali, maana heshima ya mgeni ni namna ya kumwambia kwamba hapa si kwake. Siku ya tatu akipewa jembe hushuka cheo na kupanda cheo kwa wakati mmoja. Hatapewa tena paja la kuku, lakini sasa aweza kusema kwamba mtama huu umekaa vibaya, kwamba mfereji huu ufaa upitishwe kule. Mgeni wa mkekani akisema hivyo ni mjeuri. Mgeni wa jembeni akisema hivyo anasaidia.

Hicho ndicho anachokipata mwenye kujitolea: haki ya kusema. Shamba si lake, wala halitakuwa lake, lakini habari za shamba ni zake. Iveagh kwa wasia wake aliwafanya watu wote wa nchi kuwa wenyeji wa Kenwood, lakini wenyeji wa namna hiyo hubaki wageni maisha yao yote, wakiingia na kutoka kama watu waliokirimiwa. Kalamu ya wakili huifanya nyumba kuwa ya umma kwa siku moja. Kuifanya iwe ya watu kwa kweli ni kazi isiyokwisha, kwa sababu miiba huota kila mwaka na haisomi wasia.

Haki ya kusema ikikubaliwa, hoja mbili nzito hufuata, na ya kwanza ni ya ujira. Kenwood husimamiwa na English Heritage tangu 1986. Mwaka 2015 shirika hilo liligeuzwa kuwa chama cha hisani, likapewa na serikali pauni milioni 80, nia ikiwa lijitegemee baada ya miaka michache. Serikali inapopunguza mkono wake, mikono ya hiari hutafutwa. Jambo hilo halikutokea Kenwood peke yake, wala Uingereza peke yake. Huzuka hapo mashaka ya haki. Kama kazi ile ilikuwa ya mtunza bustani mwenye mke na watoto, na sasa hufanywa bure na mstaafu mwenye pensheni, basi wema wa mmoja umekuwa hasara ya mwingine, na aliyefaidi hasa ni yule aliyepaswa kulipa. Mtu mwema aweza kutumiwa kuvunja mapatano ya watu maskini bila ya yeye kujua. Kutojua kwake kwaweza kumwondolea hatia, lakini hakumrudishii mtunza bustani kazi yake.

Wengine hujibu kwamba, kwa kuwa hatari hii ipo, kazi yote ingelipwa. Jibu hilo lina haki lakini halina hekima yote. Richard Titmuss, mwalimu wa elimu ya jamii ambaye majina ya Dar es Salaam hayakuwa mageni kwake, maana aliongoza ripoti ya 1964 juu ya huduma za afya za Tanganyika, aliandika kitabu mwaka 1970 juu ya utoaji wa damu. Alilinganisha nchi ambako damu hutolewa bure kwa ajili ya mtu asiyejulikana na nchi ambako huuzwa, akadai kwamba damu ya bure ni salama zaidi, na kwamba kuigeuza kuwa bidhaa huua kitu katika jamii ambacho hakinunuliki tena. Wachumi walimpinga katika mengi. Lakini jambo moja alilionesha wazi: kumpa mgeni usiyemjua, ambaye hatakushukuru wala hatakulipa, ni tendo la namna yake, si ujira uliosahauliwa kulipwa. Kwa hiyo swali la haki si kama kazi imelipwa ama haikulipwa. Ni kama mwenye kujitolea alipewa nafasi ya kujua ni mkono wa nani uliokuwa umeshika jembe lile kabla yake, na kukataa asiporidhika. Asiye na uwezo wa kukataa hajitolei, ametumiwa.

Hoja ya pili ni ya doa, na hapa Kenwood huzungumza kuliko nyumba nyingine nyingi. Lord Mansfield ndiye aliyehukumu, tarehe 22 Juni 1772, katika shauri la James Somerset, mtumwa aliyetoroka London, akakamatwa na kufungwa ndani ya meli ili apelekwe Jamaica akauzwe. Mansfield alihukumu kwamba hapakuwa na sheria ya Uingereza iliyomruhusu bwana kumtoa mtu nchini kwa nguvu namna ile, na Somerset akaachiliwa. Watu walishangilia kama kwamba utumwa umekwisha. Haukuwa umekwisha; sheria ya kuukomesha katika makoloni ilikuja 1833. Na Mansfield huyo huyo, mwaka 1783, alikaa kitini kusikiliza shauri la meli iitwayo Zong, ambamo zaidi ya watu 130 walitoswa baharini wakiwa hai, na wenye meli wakadai fidia ya bima kwa kupotelewa na mali. Shauri lilikuwa la bima. Hapakuwa na aliyeshtakiwa kwa kuua. Mansfield aliamuru madai hayo yasikilizwe upya, lakini hata yeye hakutoka nje ya mipaka ya hesabu.

Katika nyumba ya mtu huyo alilelewa Dido Elizabeth Belle. Alizaliwa 1761, baba yake alikuwa Sir John Lindsay, mpwa wa Mansfield, nahodha wa meli za kivita, na mama yake alikuwa mwanamke wa Kiafrika aliyekuwa mtumwa, jina lake Maria Belle. Mansfield na mkewe, ambao hawakuwa na mtoto, walimlea pamoja na binamu yake Elizabeth Murray. Dido alisoma, aliandika kwa hati nzuri, alivaa hariri. Alisimamia kazi ya maziwa na banda la kuku. Mgeni mmoja kutoka Marekani aliyekula Kenwood mwaka 1779 aliandika kwamba Dido hakukaa mezani na wageni wakati wa chakula, bali aliingia baadaye kunywa kahawa pamoja na mabibi, kisha akatembea bustanini ameshikana mkono na mmoja wao. Alipofariki Mansfield 1793, wasia wake ulimpa Dido pauni 500 na pauni 100 kila mwaka maisha yake yote, ukathibitisha kwamba ni mtu huru. Elizabeth alirithi mara nyingi zaidi.

Neno lile kuthibitisha laumiza kuliko fedha. Mzee yule, aliyejua sheria kuliko mtu yeyote wa nchi yake, hakuona kwamba uhuru wa mtoto aliyemlea ungekuwa salama bila ya kuandikwa. Dido aliishi mahali pale zaidi ya miaka ishirini, akitunza kuku na maziwa ya nyumba isiyokuwa yake, katikati ya mkeka na jembe: si mgeni wa kukirimiwa, kwani alikuwa damu yao, si mtumishi, kwani hakuwa na ujira wa mtumishi, si mwenyeji, kwani meza haikumkubali. Wala asifananishwe na wenye kujitolea wa leo, maana wao waweza kuondoka jioni. Yeye aliolewa mwishoni mwa 1793, ndipo akaondoka. Ipo picha yake pamoja na Elizabeth, sasa iko Scone huko Uskoti. Muda mrefu waliotazama picha hiyo walimdhani Dido kuwa mjakazi tu.

Kwa hiyo mkata miiba anatunza nini? Akisema anatunza uzuri, atakuwa amesema nusu. Uzuri ule ulitengenezwa na watu wenye daraja mbalimbali, na wengi wao hawakuutengeneza kwa hiari. Akisema kwamba doa si lake kwa sababu hakuwapo, atakuwa amesema kweli, lakini ni kweli ya mtu aliyeketi mkekani. Mgeni haulizwi habari za kaburi lililo nyuma ya nyumba. Aliyepewa jembe hulikuta mwenyewe anapolima. Hatia hairithiwi kwa kupalilia. Kinachorithiwa ni ujuzi, na mwenye ujuzi akinyamaza mbele ya mgeni anayeuliza, huanza hatia mpya ambayo ni yake kabisa.

Pale Kenwood lipo jambo dogo ambalo lingefaa kufundishiwa falsafa. Mwishoni mwa mojawapo ya maziwa yale huonekana daraja jeupe, lenye matao. Ukilitazama kutoka kwenye nyumba hufikiri kwamba ziwa ni mto na kwamba mto unaendelea kupita chini yake. Ukilikaribia, huoni daraja. Ni ubao uliopakwa rangi, uso usio na mgongo, uliowekwa pale tangu karne ya 18 ili kulidanganya jicho. Mbao huoza, na uwongo ule umetengenezwa upya mara kadhaa kwa uangalifu mkubwa. Mtu mkali atauliza: ni wema gani huu wa kutumia fedha na jasho kuuhifadhi uwongo? Lakini mgeni yeyote aweza kuzunguka ziwa na kuliona daraja lile kwa nyuma, na mwenye kujitolea aliyesimama karibu atamweleza kwa furaha lilivyofanywa. Uwongo ulio na njia ya kuuzunguka hauna madhara makubwa. Nyumba nyingi za kihistoria zilihifadhiwa kwa namna nyingine: uso mweupe mbele, na njia ya nyuma imefungwa. Majina ya maseremala na wachoraji yalitajwa, na shamba la miwa lililolipa gharama halikutajwa. Waliozitunza nyumba hizo walikuwa watu wema, wapole, wenye subira. Walipaka rangi ubao wakidhani ni daraja.

Ipo na hatari ya upande mwingine, isiyosemwa sana kwa kuwa huwapata walio bora. Aliyepanda ua kwa miaka ishirini huanza kuupenda kuliko watu ambao ua ulipandwa kwa ajili yao. Mtoto akiukanyaga, moyo humruka. Kijana akija na redio, au familia ikija na chakula chenye harufu asiyoizoea, yeye husema katika nafsi yake kwamba watu hawa hawajui mahali hapa. Haki ya kusema hugeuka kuwa haki ya kunyamazisha, na jembe lililomfanya mgeni kuwa mwenyeji sasa limekuwa gongo mlangoni. Milki iliyonyimwa na sheria hurudi kwa mlango wa mapenzi. Hii ni milki mbaya kuliko ile ya Maryon Wilson, kwa maana yeye aliweza kununuliwa.

Tena si kila mtu anayeweza kujitolea. Saa za mchana za siku za kazi ni za wastaafu na wenye nafasi. Mwanamke anayesafisha ofisi mbili kwa siku moja, mtu wa zamu ya usiku hospitalini, dereva anayelala saa nne: hawa hawana jioni ya kutoa, wala si haki kuwahesabu kuwa wachoyo. Kama haki ya kusema juu ya Kenwood hupatikana kwa jembe tu, basi wao watakuwa wageni wa daima katika bustani ambayo wanaihitaji kuliko wote. Kwa hiyo haki ile lazima iwe ya kusema kwa niaba pia, na kazi ya mwenye kujitolea haikamiliki kwenye miiba mpaka aulize ni nani asiyekuja, na kwa nini.

Na asiyekuja kwa jembe hana deni. Katika mchana wa kiangazi mtu wa zamu ya usiku huweza kuonekana amelala chali juu ya majani ya Kenwood, viatu vimewekwa kando, gazeti limefunika uso. Hajui habari za Iveagh, wala za Somerset, wala za Dido. Hakukata mwiba hata mmoja, na kesho hatakumbuka upande ulipo ua wa michongoma. Walioshindana na Maryon Wilson miaka 40 walishindana ili alale hapo, na mwenye jembe akipita karibu naye hana sababu ya kumwamsha.